Stalin Hakuamini Mungu, Kwa Hiyo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukanamungu na Umwagaji Damu

Mjadala wa dini na vita ukipamba moto kwenye magrupu, haupiti nusu saa kabla Stalin, yule dikteta wa Kisovieti, hajaletwa. Mmoja anataja Vita vya Msalaba, mwingine anataja Garissa, wa tatu anajibu kwa herufi kubwa: "NA STALIN JE? NA POL POT JE?" Kuanzia hapo watu wanahesabiana maiti mpaka admin afunge grupu. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, na wazazi wao, na siku moja na fundi bomba akiwa chini ya sinki. Nimeyaweka hapa pamoja ili nisiandike jibu lile lile kila wiki. Mengine yana majibu marefu, mengine mistari michache inatosha.

Mkanamungu ni nani? Si kafiri kwa jina jingine?

Hapana. Kafiri katika mazungumzo ya Waislamu ni asiye Muislamu, kwa hiyo hata paroko yumo. Mpagani, kwa kauli ya wamisionari, alikuwa babu yako aliyetambika chini ya mti, mtu aliyekuwa na Mungu na mizimu juu yake. Mkanamungu, ambaye Waislamu wengi humwita mlahidi, ni mtu asiyesadiki kwamba kuna Mungu yeyote.

Neno letu lenyewe lina mtego. Kukana ni kitendo: mtu hukana deni, hukana shtaka, hukana mtoto. Linamfanya kila asiyesadiki aonekane yuko kizimbani anabisha. Kumbe watu hawa ni wa aina mbili. Yupo anayesema "mimi sisadiki", akaendelea na shughuli zake. Na yupo anayesema "wewe pia marufuku kusadiki, na mimi ndiye nitakayekusimamia". Karibu kila ugomvi ulio hapa chini unatokana na kuwatia hawa wawili gunia moja.

Stalin aliua watu wengi mno, na Stalin hakuwa na Mungu. Ubishi uko wapi?

Ubishi uko kwenye kuunganisha sentensi hizo mbili. Stalin pia alisoma seminari ya Tiflis kuanzia 1894 hadi 1899, na sijasikia mtu akiilaumu seminari. Ili useme jambo fulani ndilo lililoua, lazima ulikute kwenye amri, au kwenye namna waliouawa walivyochaguliwa. Kukutwa kichwani mwa aliyetoa amri hakutoshi.

Bahati mbaya kwa wote wanaopenda majibu mepesi, amri zipo na zinasomeka. Tarehe 30 Julai 1937 Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, alitia saini amri namba 00447. Kila mkoa ulipangiwa idadi ya watu wa kupigwa risasi na idadi ya watu wa kupelekwa kambini, kama vile wilaya inavyopangiwa lengo la pamba. Mgawo wa kwanza wa kupigwa risasi ulipita 70,000, na wakuu wa mikoa wakaomba waongezewe. Wakaongezewa. Ukisoma orodha ya walengwa unakuta wakulima waliokuwa na uwezo kidogo, wahalifu, watu wa vyama vya zamani, halafu unakuta watu wa kanisa na wa madhehebu. Wameandikwa wazi. Kwenye uwanja wa Butovo, kusini ya Moscow, walipigwa risasi watu zaidi ya 20,000 kati ya Agosti 1937 na Oktoba 1938, na karibu 1,000 kati yao waliletwa pale kwa sababu ya kanisa: maaskofu, mapadri, watawa, waimbaji. Mtu akikwambia ukanamungu wa dola ile haukuwa na mkono katika vifo hivyo, mwambie akasome amri.

Lakini miezi hiyo hiyo kulikuwa na operesheni nyingine dhidi ya Wapolandi, na humo walipigwa risasi watu 111,091. Huko hukuulizwa unasali wapi. Uliulizwa ukoo wako. Baadhi yao walikuwa wakomunisti waliokwisha kuachana na Mungu zamani. Zinoviev, Kamenev na Bukharin, vigogo wa chama chenyewe, walikuwa wakanamungu tangu ujana wao, wote wakauawa. Yezhov mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1940. Kwa miaka miwili, 1937 na 1938, kumbukumbu za polisi hao wenyewe zinataja watu 681,692 waliouawa kwa risasi. Sehemu ya hesabu hiyo inabebwa na vita dhidi ya dini. Sehemu iliyo kubwa zaidi haibebwi nayo, hata ukiisukuma vipi.

Kisha kuna usiku wa tarehe 4 Septemba 1943, ambao mimi huwa nawapa wanafunzi kama zoezi. Stalin aliwaita Kremlin maaskofu wakuu watatu, akawauliza kanisa linahitaji nini. Kufikia tarehe 8 Septemba kanisa lilikuwa na patriaki mpya, yaani kiongozi wake mkuu, baada ya miaka 18 bila patriaki. Nauliza darasa: je, wiki ile Stalin aliokoka? Wanacheka. Kilichobadilika ni kwamba Wajerumani walikuwa ndani ya nchi, na kanisa lilikuwa na uwezo wa kuwahamasisha watu wapigane na kuchangia fedha za vifaru. Kutoamini kwake kulikuwa kule kule mwaka 1937 na mwaka 1943. Hesabu zake za siasa ndizo zilizogeuka.

Kwa hiyo unawasafisha wakanamungu?

Siwasafishi. Kuna damu iliyomwagwa ambayo ukanamungu wa kiserikali unaibeba wenyewe, bila kusaidiwa na njaa wala ukabila.

Mwaka 1922 wakulima wa bonde la Volga walikuwa wanakufa njaa, na serikali ikaagiza vyombo vya thamani vya makanisa vichukuliwe. Waumini wa mji wa Shuya walipozuia, wanajeshi wakafyatua risasi. Tarehe 19 Machi Lenin, mkuu wa serikali hiyo, akawaandikia wenzake kwamba huo ndio wakati mzuri, na kwamba kadiri makasisi wengi wa kipingamizi watakavyopigwa risasi, ndivyo itakavyokuwa bora. Hiyo ni barua ya mtu anayejua anamlenga nani na kwa nini. Agosti mwaka huo askofu mkuu wa Petrograd, Veniamin, aliuawa kwa risasi.

Mwaka 1925 ukaundwa umoja wa wasio na Mungu, ambao mwaka 1929 ulijiongezea neno "wapiganaji". Ulikuwa na magazeti, matawi viwandani na kadi za uanachama. Tarehe 5 Desemba 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi la Moscow lililipuliwa kwa baruti ili pajengwe jumba la Wasovieti. Jumba halikujengwa. Mahali pale pakaja kuwa bwawa la kuogelea, na kanisa likajengwa upya baada ya Ukomunisti kuanguka.

Albania ni mfano ulio wazi kuliko huo. Mwaka 1967 mtawala wake Enver Hoxha, mtoto wa familia ya Kiislamu ya Gjirokastër, alifunga misikiti, makanisa na zawiya zote; hesabu inayotajwa sana ni majengo 2,169. Katiba ya 1976, kifungu cha 37, ikasema dola haitambui dini yoyote. Padri Shtjefën Kurti alipigwa risasi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikajulikana duniani kwamba alikuwa amembatiza mtoto kwa siri. Hapo hakuna ardhi iliyogombewa wala kabila. Kosa ni maji juu ya utosi wa mtoto.

Na China, Julai 1975, jeshi lilishambulia kijiji cha Shadian, mkoa wa Yunnan, ambako Waislamu wa Kihui walikuwa wakidai misikiti yao ifunguliwe. Walikufa zaidi ya 1,000. Miaka minne baadaye serikali yenyewe ilikiri kwamba lile lilikuwa kosa.

Anayejibu mifano hii kwa "ule haukuwa ukanamungu wa kweli" anatumia ujanja ule ule wa shehe au mchungaji anayesema "wale hawakuwa waumini wa kweli". Ama wote wawili tuwakubalie, ama wote wawili tuwakatalie.

Wakanamungu husema: sisi hatuna kitabu wala amri, kwa hiyo hatuwezi kumwamuru mtu aue. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli. Kutosadiki peke yake hakuna kitu cha kukuagiza, kama vile kutokula nyama hakukwambii upike nini leo. Kutoka kwenye "Mungu hayupo" huwezi kufika kwenye "basi tumpige risasi kasisi" bila kupita kituo kingine. Kituo hicho mara nyingi kilikuwa nadharia ya tabaka: kwamba dini ni silaha ya tajiri, kwamba historia ina mwelekeo mmoja, na kwamba anayeuzuia ni adui wa umma.

Ila utetezi huu unavuja mahali. Umoja ule wa wapiganaji ulikuwa na kanuni, viongozi na mafundisho. Huwezi kudai ukanamungu hauna chama wakati mamilioni walikuwa na kadi yake. Naona ni haki kusema hivi: ukanamungu wa mtu binafsi hauna amri, ukanamungu wa dola ulikuwa nazo tele.

Na kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Khrushchev, aliyetawala baada ya Stalin, aliendesha kampeni kali dhidi ya dini kuanzia 1958 hadi 1964. Makanisa yalifungwa kwa maelfu, watu wakafukuzwa kazi na wengine wakafungwa jela. Lakini hakukuwa na Butovo. Ukanamungu ulikuwa ule ule, pengine mkali zaidi kwa sababu yeye aliuamini kweli. Kilichokosekana ni ile mashine ya kuua. Huo nao ni uonevu na sitaki kuupunguza. Nasema tu kwamba ukiondoa ugaidi wa dola, ukanamungu peke yake ulitoa kufuli na barua za kufukuzwa kazi.

Kuna mfano wa karibu na kwetu?

Upo, na kwangu ndio mzuri kuliko wote, ingawa vitabu vyetu vya shule vinaupita. Ni mkasa wa Mashahidi wa Yehova wa Malawi na Msumbiji.

Mashahidi hawajiungi na chama cha siasa. Hawapigii bendera saluti, hawaitikii kaulimbiu. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na chama kimoja, na kila mtu mzima alitakiwa kununua kadi yake. Vijana wa chama walisimama sokoni na kwenye vituo vya basi: huna kadi, hupiti, hupandi. Bei ya kadi ilikuwa ndogo. Mashahidi hawakuinunua. Mwaka 1967 wakapigwa marufuku. Septemba 1972 mkutano wa chama uliazimia waachishwe kazi na wafukuzwe vijijini. Walipigwa, wanawake wakabakwa, nyumba zikachomwa, na zaidi ya 20,000 wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Zambia iliwarudisha mwaka huo huo.

Sasa, Banda hakuwa mkanamungu. Alikuwa mzee wa kanisa, aliyewekwa wakfu Edinburgh katika Kanisa la Scotland. Alivaa suti na kofia yake kama anayekwenda ibadani.

Waliobaki Msumbiji wakakaa mpaka uhuru, tarehe 25 Juni 1975. FRELIMO ikaingia na Umaksi wake, ikawataka watu waitikie "Viva FRELIMO". Mashahidi wakanyamaza. Wale wa Malawi wakafukuzwa warudi kwao, na kwao wakapokelewa kwa vipigo na kifungo cha Dzaleka. Mashahidi wa Msumbiji wenyewe, wengine kutoka Maputo kabisa, wakasombwa maelfu kwa maelfu hadi Carico, wilayani Milange, mpakani na Malawi, wakaachwa wajilimie porini.

Simama hapo Milange kidogo. Upande huu wa mpaka Shahidi anateswa na wanaosema dini ni kasumba. Upande ule anateswa na serikali ya mzee wa kanisa. Kosa lake pande zote ni moja: amekataa kuitikia. Ukimuuliza yeye nani mbaya zaidi, mwenye Mungu au asiye naye, nadhani atakuonyesha mgongo wake na kukuambia uchague kovu.

Kundi hili hili Wanazi walilishonea pembetatu ya zambarau katika kambi zao. Stalin aliwasomba maelfu kwenda Siberia Aprili 1951. Tawala nne ambazo zisingekubaliana hata juu ya saa, zikakubaliana juu yao. Malawi iliondoa marufuku mwaka 1993. Dzaleka siku hizi ni kambi ya wakimbizi, na ukienda leo utasikia Kiswahili kila kona, cha Wakongo na Warundi.

Hitler je? Naye hakuwa na dini?

Huyu muondoe kwenye orodha. Programu ya chama chake ya 1920, kipengele cha 24, ilisema chama kinasimamia "Ukristo chanya". Mwaka 1933 serikali yake ilitia saini mkataba na Vatikani, na mwaka huo huo ikapiga marufuku umoja wa wasioamini wa Ujerumani. Askari wake walivaa mikanda yenye maandishi "Mungu yu pamoja nasi". Hiyo haimfanyi Mkristo mwema, na mapadri zaidi ya 2,000 waliofungwa Dachau wanalijua hilo. Lakini ukanamungu hauna hati ya kumiliki kesi hii.

Na Mapinduzi ya Ufaransa?

Hapa watu hushtuka. Ni kweli makanisa yalifungwa mwaka 1793, na kule Vendée wakulima waliosimama na mapadri wao walichinjwa kikatili. Ila Robespierre, kiongozi wa mapinduzi hayo ambaye jina lake limegandana na gilotini, aliuchukia ukanamungu. Alisema hadharani kwamba ni jambo la mabwana wakubwa. Hébert na wenzake, waliokuwa mstari wa mbele kufuta Ukristo, walikatwa vichwa Machi 1794. Tarehe 8 Juni Robespierre akaongoza sikukuu ya Aliye Mkuu jijini Paris, na moja ya sanamu zilizochomwa moto siku ile ilikuwa ya Ukanamungu. Siku mbili baadaye ikapitishwa sheria iliyofanya hukumu za kifo ziende mbio kuliko wakati wowote.

Nchini Hispania mapadri karibu 7,000 waliuawa. Hilo nalo utalikwepa?

Silikwepi. Hesabu ni mapadri, watawa na maaskofu 6,832, wengi wao katika miezi ya mwanzo ya vita vya 1936. Waliouawa walichaguliwa kwa kanzu zao. Wauaji wengi walikuwa wanamgambo waliolichukia kanisa hadi kwenye mifupa, tena si kwa mfano: masanduku ya watawa waliokufa zamani yalitolewa nje yakaanikwa.

Chuki hiyo ilikuwa na historia ya kanisa lililokaa meza moja na wenye mashamba kwa karne nyingi. Hiyo inaeleza, haihalalishi. Julai 1937 maaskofu wa Hispania walitoa barua ya pamoja kumuunga mkono Jenerali Franco, aliyepigana na wanamgambo hao, ambaye naye aliwaua mapadri zaidi ya kumi wa Kibaski kwa kuwa walisimama upande mwingine. Mkatoliki aliua padri pale siasa ilipomtaka aue.

Sasa tugeuze. Kwa kipimo chako, Rwanda ni kosa la Ukristo?

Swali hili ndilo linalofanya watu wazima wanyamaze, na linastahili kuulizwa kwa sauti. Mwaka 1994 Wanyarwanda tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na humo humo wakauawa. Kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga mwezi Aprili likiwa na watu wasiopungua 1,500 ndani. Padri Athanase Seromba alihukumiwa na mahakama ya Arusha kifungo cha miaka 15 mwaka 2006, na rufani ya 2008 ikaifanya kifungo cha maisha. Mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, alihukumiwa mwaka 2003.

Mwaka 2005 nilikuwa Arusha kwa shughuli nyingine, nikaingia AICC, jengo ilimokaa mahakama hiyo, kusikiliza kesi moja. Unaacha kitambulisho, unapewa vipokea sauti, unakaa nyuma ya kioo. Unachagua lugha kwa kitufe: Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo, mjini Arusha. Nilikaa saa tatu. Maswali yalikuwa ya vizuizi barabarani, vitambulisho vya ukabila, mikutano ya nani na nani. Hakuna aliyeuliza juu ya Utatu Mtakatifu.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, Ukristo haukuyaamuru mauaji ya kimbari. Waliouawa walichaguliwa kwa neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho, na wauaji na wauawa walisali kanisa moja. Lakini taasisi ya kanisa ina lawama yake, kwa ukaribu wake na utawala na kwa viongozi wake walioshiriki. Maaskofu wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016 kwa makosa ya waumini na makasisi wao, na Papa Fransisko akaomba msamaha mwaka uliofuata.

Umeliona nililofanya hapo? Nimetenganisha imani, taasisi na mtu. Wakristo wanaosoma ukurasa huu hulipenda jibu hilo, na wana haki. Lakini wengi wao, nikiwapa Stalin, wanalitupa na kusema "huyo ndiye matunda ya kutokuwa na Mungu". Mkuki kwa nguruwe.

Al-Shabaab wanamtaja Mungu waziwazi. Bado utasema dini haihusiki?

Inahusika. Novemba 2014 karibu na Mandera walisimamisha basi, wakawataka abiria wasome shahada, na wasioweza kuisoma wakapigwa risasi: watu 28. Uchaguzi ulifanywa kwa dini, na wauaji waliitaja dini kama sababu. Hii ni Albania iliyogeuzwa nje ndani. Huwezi kuikubali moja na kuikana nyingine.

Ila usiishie hapo. Desemba 2015, huko huko Mandera, basi jingine lilisimamishwa na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja Muislamu alipigwa risasi siku ile na akafa baadaye kwa majeraha. Kitabu kilekile, barabara ileile.

Tuache maneno. Kwa idadi, nani kaua wengi?

Hesabu hii haina mshindi, na anayekupa jibu la tarakimu moja anakuuzia kitu. Ile "milioni 100 za Ukomunisti" inayozunguka mitandaoni ilitoka kwenye kitabu kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1997, na baadhi ya walioshiriki kukiandika waliikataa jumla hiyo hadharani. Sehemu yake kubwa ni njaa: Ukraine na Kazakhstan mwanzoni mwa miaka ya 1930, China 1959 hadi 1961. Njaa hizo zilisababishwa na serikali, kwa kunyang'anya nafaka, kwa taarifa za uongo za mavuno, na kwa kuwazuia watu wasihame. Makosa makubwa yasiyosameheka. Lakini gunia la ngano halikuchukuliwa kwa sababu mwenye nalo anasali.

Halafu kuna suala la zana. Askari wa msalaba walioingia Yerusalemu mwaka 1099 walikuwa na panga. Wangekuwa na treni, simu na bunduki za rashasha, sijui tungekuwa tunahesabu vipi.

Ethiopia ya Mengistu ilikuwa ya kikomunisti. Inaingia kundi gani?

Kotekote. Derg, baraza la wanajeshi waliotawala, walimwondoa Patriaki Theophilos mwaka 1976 na kumuua mwaka 1979, mwaka ambao mchungaji Gudina Tumsa wa kanisa la Mekane Yesus naye aliuawa. Lakini Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978 uliwachinja zaidi vijana wa chama cha EPRP, ambao walikuwa wafuasi wa Marx kuliko hata wanajeshi waliowaua. Jambo la kushangaza: ni Derg hao hao waliozifanya sikukuu za Kiislamu kuwa mapumziko ya taifa kwa mara ya kwanza, kitu ambacho mfalme Mkristo hakuwa amekifanya.

Na ujamaa wetu? Mbona haukufunga makanisa?

Kwa sababu aliyeuasisi alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na mwaka 1968 aliandika kwamba ujamaa hauna sababu ya kumtaka mtu amkane Mungu. Hilo lilitusaidia sana. Lakini kumbuka Operesheni Vijiji: baada ya Novemba 1973 kuhamia vijijini kulikuwa amri, na ziko sehemu watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Sijawahi kumsikia mtu akisema katekisimu ndiyo iliyochoma zile nyumba. Mwalimu angekuwa mkanamungu, ungesikia.

Bila kuogopa moto wa jehanamu, mtu atazuiliwa na nini asiue?

Na sheria, na mama yake, na aibu, na majirani. Jamhuri ya Czech ni kati ya nchi zenye waumini wachache kabisa Ulaya, na watu wake wanalala milango ikiwa salama kuliko sisi tunaokesha kwenye mikesha ya maombi. Hiyo haithibitishi kwamba kutoamini kunaleta amani. Wana polisi wanaolipwa vizuri pia. Inaondoa tu hoja kwamba bila jehanamu lazima damu imwagike.

Wewe mwenyewe ni dini gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, na najua linaulizwa ili mtu aamue kama majibu ya juu ayaamini au ayatupe. Mama yangu hunipigia simu kila Jumapili saa saba mchana kuuliza kama nimekwenda kanisani. Jibu ninampa yeye.